Zabibu za Stannard mnadani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, alinionyesha kwenye simu picha ya matunda itakayopigwa mnada Uingereza, kazi ya mama aitwaye Eloise Harriet Stannard, wa enzi za Malkia Victoria. Kwa nini wanawake wachoraji wa wakati ule walishikilia matunda na maua, na mnunuzi hulipia nini hasa? Mkulima, Hombolo, Dodoma.

JIBU: Ndugu yetu, wewe unalo jicho ambalo wanunuzi wengi hawana, kwa hiyo nianzie shambani kwako. Unajua kwamba zabibu iliyotoka kuchumwa hufunikwa na utando mweupe wa nta, na kwamba ukiigusa tu, kidole huufuta na kuacha doa jeusi linalong'aa. Wachoraji stadi wa matunda, na Stannard ni mmoja wao, waliuchora utando huo kwa rangi nyembamba mno iliyopakwa juu ya rangi nyingine. Ikuze picha kwenye simu uutafute.

Stannard alizaliwa mwaka 1829 mjini Norwich katika ukoo wa wachoraji: baba yake, Alfred, alichora mandhari, na Emily, mke wa baba yake mkubwa, alikuwa bingwa wa matunda na maua. Bahati hiyo ya kujifunzia nyumbani wengi hawakuipata. Royal Academy ya London, chama cha wasanii chenye shule ya uchoraji, ilianzishwa mwaka 1768 ikiwa na wanawake wawili miongoni mwa waasisi wake, mmoja wao, Mary Moser, akiwa mchoraji wa maua, lakini shule ya chama hicho haikupokea mwanafunzi wa kike hadi mwaka 1860, Laura Herford alipopeleka michoro yenye herufi ya kwanza tu ya jina lake, wakadhani ni mwanamume. Hata baada ya hapo, wanawake walizuiwa kuchora mwili wa binadamu kutoka kwa mtu aliyevua nguo hadi mwaka 1893, na bila somo hilo ilikuwa vigumu sana kuchora picha kubwa za historia zilizoheshimiwa kuliko zote. Matunda yalipatikana sokoni na kuchorwa mezani nyumbani. Naona ni dhuluma kwamba kazi iliyozaliwa na mlango uliofungwa ikaja kuitwa kazi ndogo.

Kuhusu bei, kiasi kilichoandikwa kwenye orodha ya mnada ni makadirio tu. Muuzaji huweza kuweka bei ya siri ambayo picha haiuzwi chini yake, na nyundo ikishagongwa, mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada, ambayo inaweza kufika robo ya bei au hata kuizidi. Soma pia maneno kwa makini, kwa kuwa picha “ya Stannard” na picha “inayodhaniwa kuwa ya Stannard” hazilingani thamani hata kidogo.

Zaidi ya yote, mnunuzi hulipia hali ya picha. Vanishi, yaani utando wa kung'arisha na kulinda rangi, ikigeuka njano huweza kuondolewa na fundi mwenye ujuzi, lakini ikisafishwa kwa pupa, rangi zile nyembamba za juu ndizo hutangulia kutoka, na hazirudi. Utando wa nta alioupaka Stannard unafutika kama ule wa shambani kwako, kwa hiyo mwambie binti yako aombe ripoti ya hali ya picha, aulize iliwahi kusafishwa mara ngapi, kisha aziangalie zabibu kabla ya kitu kingine chochote.