Kitabu huria si kitabu kisicho na gharama

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lauliza kama serikali itumie fedha za umma kuandaa vitabu huria vya kiada, yaani vitabu ambavyo leseni yake humruhusu mtu yeyote kuvinakili, kuvitafsiri na kuvirekebisha bila kulipia haki hiyo, na kama ni kweli kwamba shule huokoa fedha zinapoacha vitabu vya kununua. Kwa sehemu ya kwanza ninajibu ndiyo bila kusita. Sehemu ya pili ina masharti, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu nimehudumu miaka kadhaa katika kamati ya manunuzi ya shule na nimeona neno "bure" linavyovuruga hesabu.

Kitabu cha kawaida cha kiada hulipiwa kwa idadi ya nakala. Shule hupata nakala hizo, lakini haki ya kukichapa upya, kukitafsiri au kukirekebisha hubaki mikononi mwa mchapishaji, na mtaala unapobadilika ununuzi huanza tena tangu mwanzo. Gharama kubwa ya kitabu huria, kinyume chake, ni ya kukiandika, nayo hulipwa mara moja. Leseni zake, hasa zile za Creative Commons, shirika linalotunga leseni za aina hii, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, hutofautiana kwa masharti. Iliyo legevu kuliko zote kati ya zile zenye sharti hudai tu kwamba mwandishi atajwe. Ndiyo maana mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris mwaka 2012 ulizihimiza serikali ziweke leseni huria kwenye nyenzo za elimu zinazoandaliwa kwa fedha za umma. Mlipakodi aliyekwisha kumlipa mwandishi hana sababu ya kulipishwa tena ili mwanawe asome alichoandika.

Je, akiba ipo? Katika jimbo la Utah nchini Marekani, kati ya mwaka 2010 na 2012, walimu 20 wa sayansi waliokuwa wakifundisha takriban wanafunzi 3,900 walitumia vitabu huria vilivyochapwa, na watafiti wakalinganisha gharama na matokeo ya mitihani. Walikuta kwamba katika baadhi ya mazingira gharama ilishuka kwa zaidi ya nusu, na kushuka huko hakukuonekana kudhuru ujifunzaji. Wapigiaji debe wa vitabu huria, ambao mimi ni mmoja wao, hupenda kuitaja hiyo nusu na kuyaruka maneno "katika baadhi ya mazingira", ilhali siri yote imo humo.

Tuseme kitabu cha kununua hudumu miaka 7, kila mwaka kikipokewa na mwanafunzi mwingine. Tuseme pia kitabu huria huchapwa kwa karatasi nyepesi na kukabidhiwa mwanafunzi mmoja, akichorechore pembeni na kuondoka nacho. Ili shule isipate hasara, gharama ya kuchapa nakala hiyo haina budi kuwa chini ya sehemu moja ya saba ya bei ya kitabu cha kununua. Sharti hilo ni gumu, na shule moja inayochapa nakala mia mbili peke yake itashindwa kulitimiza. Shule nyingi zikichapa kwa pamoja hesabu hubadilika. Afrika Kusini ililionyesha hilo mwaka 2012, pale serikali ilipochapa na kusambaza katika shule za umma zaidi ya nakala milioni 2 za vitabu huria vya Siyavula, waandaaji wa vitabu huria wa nchini humo, vya hisabati na sayansi kwa darasa la 10 hadi la 12. Mtu anaweza kusema shule zisome kwenye skrini, uchapaji uachwe. Nami nitamwomba aongeze katika hesabu yake vifaa, umeme, intaneti na fundi.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni bajeti ya mwaka wa tatu. Serikali hutoa fedha, waandishi huandika, kitabu huzinduliwa kwa shangwe, kisha hakuna fungu la kukipitia upya. Mchapishaji wa kibiashara huhariri kitabu chake kwa sababu anataka kukiuza tena. Kitabu huria hakina msukumo huo, hivyo makosa hubaki pale pale mpaka mtu alipwe kuyasahihisha. Mara nyingi kazi hiyo huangukia walimu usiku, bila malipo, na katika taarifa ya fedha saa zao huhesabiwa kuwa ni akiba.

Kwa hiyo ningependa kila mkataba wa kuandaa kitabu kwa fedha za umma ueleze waziwazi leseni yake, utenge kiasi cha marekebisho ya kila mwaka, na umtake mwandishi kukabidhi faili la asili linaloweza kuhaririwa, pamoja na michoro yake. Niliwahi kupokea kitabu kilichoitwa huria kikiwa ni picha za kurasa tu. Leseni ilituruhusu kukirekebisha tupendavyo, lakini ili kubadilisha jedwali moja tulilazimika kuichapa sura nzima upya, neno kwa neno.