Kofia ya viua kwa kichwa cha inchi 23

Swali lenu la wiki: ni zawadi gani ya mkono uliyomtengenezea rafiki ikakutoa jasho, na je, ungeirudia?

Kwangu ni kofia. Nasema kofia ya viua, ile nyeupe ya kushonwa kwa mkono ambayo hapa Lamu utawakuta wanaume wameiinamia barazani, si ile ya mashine inayoning'inizwa madukani kwa dazeni.

Sahibu yangu alitaka ya kuvaa Maulidi, mfungo sita, pale msikiti wa Riyadha. Asiyeujua mji wetu ataona ni jambo dogo. Siku zile wageni wamefurika, kila mtu kanzu nyeupe na kofia nyeupe, basi macho ya watu yaende wapi kama si kichwani? Kuna wazee hapa wanaokagua kisogo chako hata hujamaliza kuwaamkia.

Wengi hudhani ugumu ni vile vitundu. Hapana, vile vinataka subira tu. Unachora maua juu ya kitambaa cha pamba cha tabaka mbili, unatoboa kwa sindano nene ukizitenga nyuzi bila kuzikata, kisha unazungushia uzi ukingoni mpaka kitundu kisimame wazi, kipitishe upepo. Ukimaliza kimoja unaingia kingine. Mkono ukishazoea unaweza kushona huku unabishana siasa. Usiku tu ndio usijaribu, maana uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe utakupofua. Na msimu wa kaskazi vidole hutoka jasho na kuacha alama, kwa hiyo mimi ni mtu wa asubuhi, mikono imeoshwa, na halwa iko mbali.

Kilichonitoa jasho ni hesabu. Kofia ina vipande viwili, duara ya juu na ukanda unaozunguka kichwa, na maua ya ukanda lazima yakutane mwanzo na mwisho pasi na ua kukatika. Sasa mwenzangu ana kichwa, mashallah: inchi 23. Ua alilolichagua lilikuwa la inchi mbili. Gawanya mwenyewe: maua 11, na inchi moja inabaki haina pa kukaa.

Mshonaji mwenye haraka angeyabana yawe 12, kila ua lipungue sehemu ya kumi na mbili ya inchi, na nani angejua? Mimi nilikataa. Ua moja sharti likae katikati ya kipaji. Maua yakiwa shufwa, ua jingine litaangukia kisogoni sawasawa, pale pale ukanda unapoungwa, na mshono utalipasua. Yakiwa witiri, mshono unaangukia kwenye nafasi kati ya maua mawili, hata mzee wa macho makali hauoni. Nikashika 11, ile inchi nikaigawa, kila ua likanenepa kidogo.

Kitambaa nilikuwa nimekifua kabla ya kupima chochote. Pamba hurudi ikiingia maji, na kofia hii itafuliwa na kutiwa kanji maisha yake yote. Ikirudi nusu inchi tu, inamkaa utosini.

Katikati ya kazi alikuwa akipita barazani kila mara: "Nduyangu, haijawa tu?" Namjibu alaumu kichwa chake.

Iliwahi Maulidi. Mzee mmoja alimgeuza kwa bega, akautafuta mshono kwa kidole, akamwuliza nani kamshonea. Kwangu huo ulikuwa ujira tosha.

Kama ningeirudia? Kwake yeye, ndiyo. Tena ameshaanza kuniomba ya mwanawe wa miaka sita. Nimemwambia angoje: kichwa cha mtoto bado kinakua, na mimi sishoni kofia ya kuvaliwa Maulidi moja.