Kingo za fizi kuachana siku ya 7 baada ya upasuaji

Swali: Ninatibu meno kwenye kliniki moja huku Bukavu. Nikifungua fizi na kusafisha mizizi, siku ya 7 nikitoa nyuzi nakuta kingo zimeachana, na mara nyingine nyama iliyo kati ya meno imekufa. Kila mgonjwa nampa amoksisilini na maji ya klorheksidini. Je, ninunue mashine ya kuzungusha damu ili niweke PRF (utando wa fibrini, yaani nyuzi za damu iliyoganda, unaotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe) na tishu ipone upesi?

Jibu: Daktari, mashine isubiri kwanza. Nyama inayokufa kati ya meno imekosa damu, na kingo zinazoachana kwa kawaida zilishonwa zikiwa zimevutwa. PRF haiwezi kurudisha damu ambayo kisu na uzi vimeizuia.

Saa 24 za mwanzo kinachoishika fizi kwenye mzizi ni damu iliyoganda, hakuna kingine. Tabaka la juu la fizi linatambaa karibu nusu milimita hadi milimita 1 kwa siku, na kolajeni mpya yenye nguvu (nyuzi zinazoshikanisha nyama) inaanza kuonekana vizuri wiki ya 2. Siku ya 7 kidonda bado ni dhaifu. Kila kinachoitikisa ile damu iliyoganda kabla ya hapo kinaachanisha kingo.

Anza na sindano ya ganzi. Lidokaini yenye adrenalini 1:100 000 inatosha. Ile ya 1:50 000 ikisukumwa ndani ya nyama ya kati ya meno inabana mishipa midogo mahali ambapo damu ni chache tayari. Ukikata, fuata mfereji mdogo kati ya fizi na jino, usiipunguze nyama hiyo hadi ibaki nyembamba. Nafasi ya kati ya meno ikifika milimita 2 au zaidi, iache nyama yote upande mmoja badala ya kuipasua katikati. Mkato wa wima usipite juu ya mwinuko wa mzizi, na kipande cha fizi unachofunua kiwe kipana kwenye shina kuliko kwenye ukingo. Muda wote wa kazi kilowanishe kwa maji ya seramu (maji safi ya chumvi ya hospitali). Fizi na mfupa vikikauka, chembe za juu zinakufa.

Kabla ya kushona, rudisha kipande mahali pake kisha uvute mdomo wa mgonjwa taratibu. Kikisogea, kimevutwa. Kata utando wa mfupa kwa ndani, kwenye shina, mkato mmoja usio wa kina, hadi kilale chenyewe bila kushikwa. Hapa ndipo ninaposhuku kwamba wagonjwa wako wengi wanaharibikiwa. Hariri iliyosokotwa inanyonya mate na vijidudu hadi ndani ya kidonda. Tumia uzi wa nailoni au polipropilini wenye unene wa 5-0. Choma milimita 2 hadi 3 kutoka ukingoni, kwa sababu chini ya hapo uzi unachana nyama fizi inapovimba. Fundo likae pembeni ya mkato. Fizi ikigeuka nyeupe chini ya uzi, umekaza mno: toa ushone upya.

Ukimaliza, bonyeza kwa kompresi yenye maji ya seramu dakika 2 hadi 3. Wengi wanairuka hatua hii, na ni hasara kubwa. Damu nene ikibaki chini ya fizi inaitenganisha na mzizi, na donge kubwa linachelewesha kushikana.

Amoksisilini kwa kila mtu siikubali. Maambukizi baada ya upasuaji huu ni machache, na dawa haishiki kingo zilizovutwa. Iweke kwa mwenye kinga dhaifu, au mwenye usaha na homa. Utando mweupe wa siku ya 3 au ya 4 mara nyingi ni fibrini ya kupona, usiufute, na mwonye mgonjwa asiusugue.

Klorheksidini ya 0,12%, mililita 15, asukutue sekunde 30, asubuhi na jioni, wiki 2, kuanzia kesho yake. Dawa ya meno itangulie kwa nusu saa, kwa sababu sabuni iliyomo inaipunguzia nguvu. Chai na kahawa zitaacha madoa, mwambie mapema. Sehemu iliyoshonwa isipigwe mswaki wiki 2, baadaye atumie mswaki laini. Siku za kwanza ale uji, mashanza (maziwa ya mgando), maharagi yaliyopondwa, vyote visiwe vya moto. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa kukaanga wasubiri, miiba yao inachoma mshono. Anayevuta sigara aache kabla na baada, nikotini inabana mishipa ile ile unayoihitaji. Mwenye kisukari kisichotulia, ahirisha upasuaji.

Ukishayaweka sawa haya, PRF ina faida yake, hasa kwenye shimo la mfupa lenye kuta 2 au 3. Mfupa ulioshuka kwa usawa hautapandishwa nayo. Damu mililita 10 kwenye mrija wa kioo usio na dawa ya kuzuia kuganda, izungushwe ndani ya dakika moja au mbili. Mtindo uliozoeleka ni mizunguko 2700 kwa dakika, dakika 12, lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Nguvu ya mvuto ni 0,00001118 mara umbali kutoka katikati hadi mwisho wa mrija kwa sentimita, mara mraba wa mizunguko. Kwa sentimita 8 unapata karibu mara 650 ya mvuto wa dunia. Mashine kubwa ya maabara yenye sentimita 15 inatoa zaidi ya 1200 kwa mizunguko ile ile, na ili irudi kwenye 650 uipunguze hadi karibu 2000. Umeme ukikatika katikati, mwaga mrija huo uchukue damu mpya, kwa sababu damu imeshaganda kabla ya tabaka kutengana.

Usipime tena kina cha mifuko kati ya fizi na jino kabla ya miezi 3. Uliyemwekea PRF ndani ya mfupa, subiri miezi 6. Chuma cha kupimia kikiingia mapema kinachana mshikamano mpya uliouhangaikia.