Jezi Yako Haina Mgombea: Ushauri kwa Matawi ya Simba na Yanga Kigoma

Mimi ni Yanga. Baba yangu ni Yanga, shangazi yangu wa Ujiji ni Simba wa kulia machozi, na wote wawili wamenilea. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa katibu wa tawi letu hapa Mwanga, Kigoma Mjini, na nimeona kampeni zikija na kuondoka. Naandika kwa viongozi wenzangu wa matawi, wa kijani na wa nyekundu, na kwa kijana yeyote anayevaa jezi kila timu inapocheza. Kuna jambo linatuumiza mkoa huu na tumelizoea: tunampigia kura kiongozi kwa moyo uleule tunaoishangilia nao timu.

Moyo wa shabiki ni kitu kizuri. Mei 2012 Simba walitupiga 5-0. Kesho yake asubuhi nilipita sokoni upande wa dagaa, akina mama wa Simba wakanizomea mpaka nikamaliza kununua, na niliondoka pale nikiwa Yanga vilevile. Novemba 2023 zamu yetu ikafika, tukawapiga 5-1. Hakuna hata mmoja wa akina mama wale aliyehama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wetu pia, tangu Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na Simba ilipokuwa ikiitwa Sunderland mpaka 1971. Klabu haijawahi kuniahidi maji, dawa wala barabara. Haina deni kwangu, ndiyo maana naipenda bila kuidai.

Mwanasiasa ana deni. Ameomba kazi ya miaka mitano, amesimama jukwaani akataja atakachofanya, na mshahara wake unatoka kwenye kodi ya mvuvi wa Kibirizi na mkulima wa michikichi wa Mwandiga. Uvumilivu unaomfanya mtu awe shabiki wa kweli ndio huohuo unaomfanya awe mpiga kura anayechezewa. Nimemsikia mtu mzima akiulizwa kwa nini atampa tena yuleyule aliyemlalamikia kipindi kizima. Akajibu, "Mimi ni wa huku, siwezi kuhama." Hili nimelisikia kwa watu wa CCM na kwa watu wa upinzani sawasawa. Mchezaji akizembea msimu mmoja tunapiga kelele aachwe, lakini diwani akizembea misimu mitano tunamtetea kwa sababu ni wa kwetu. Vijana wetu wanataja kikosi cha kwanza na cha akiba bila kukosea. Waulize jina la mwenyekiti wa mtaa, wanaangaliana.

Kwetu Kigoma jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya rangi. Yanga ni kijani na njano, na CCM ni kijani na njano. Wazee wanasimulia jinsi wanachama wa Yanga walivyokuwa karibu na TANU wakati wa kudai uhuru, na masimulizi hayo ni sehemu ya fahari yetu. Lakini klabu ilikuwa na miaka zaidi ya 40 CCM ilipozaliwa mwaka 1977, na ina wanachama wa kila chama. Sasa chukua rangi hizo uzilete kwenye mji ambao siasa zake zimekuwa za ushindani tangu vyama vingi virudi. Dk. Aman Walid Kabourou aliwakilisha jimbo hili kwa tiketi ya Chadema. Zitto Kabwe aliingia bungeni mwaka 2005 kupitia Kigoma Kaskazini, na mwaka 2015 akaipa ACT-Wazalendo jimbo lake pekee nchini, Kigoma Mjini. Mwaka 2020 CCM ikalichukua. Katika mji wa namna hii watu wanasoma nguo yako kabla hujafungua mdomo. Nimeshuhudia kijana akisogezwa pembeni kwenye mkutano wa upinzani kwa sababu amevaa jezi ya Yanga, na alikuwa amekuja kumsikiliza mgombea wake mwenyewe. Nimeshuhudia pia mpambe wa chama tawala akihesabu jezi zetu kibanda umiza kana kwamba ni kadi za chama. Na huyo Zitto hajawahi kuficha kwamba yeye ni Simba, wakati wengi waliompa kura ni Yanga. Rangi haikuwaambia kitu.

Ushauri wangu hapa ni mwepesi. Ukienda mkutano wa siasa, wa chama chochote, acha jezi nyumbani. Siku ya kupiga kura vivyo hivyo, vaa shati lako la kawaida. Hutakuwa umeikana timu. Utakuwa umemnyima mtu nafasi ya kukuhesabu.

Sasa nije kwenye tawi, maana ndiko mambo yanakoharibikia.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, wiki chache kabla ya kura za maoni za chama chake, mtia nia mmoja alituma wapambe kwetu jioni, wakati watu wamejaa wakisubiri mechi. Walishusha mifuko miwili ya jezi. Zilikuwa nzuri, kitambaa kizito, nembo ya klabu kifuani, na mgongoni, pale inapokaa namba, palikuwa na picha ya uso wake akitabasamu. Walikuja pia na bahasha ya "maji ya wanachama". Vijana walishaanza kuzijaribu. Mzee mmoja, mwanachama tangu ujana wake, alichukua moja, akaigeuza mbele na nyuma taratibu, akamwambia mpambe: "Mwanangu, hii nembo ya mbele tunaichangia kila mwaka. Huyu wa mgongoni alichangia lini?"

Hatukugombana na mtu. Tuliwapa soda, wakaangalia mechi pamoja nasi, na kesho yake tukaandika barua. Tulimkaribisha mheshimiwa ajiunge na tawi kwa ada ileile anayolipa muuza mihogo, apate kadi, akae kwenye benchi na wenzake. Akitaka kuwapa watoto wa mtaa mipira, alete, bila jina lake wala picha. Jezi na bahasha zikarudi. Wapo vijana walionuna kwa muda mrefu, na siwalaumu, jezi ya bure si kitu kidogo kwa mtu anayesukuma mkokoteni. Haukupita muda, katibu wa tawi la Simba, mtani wangu, akanipigia simu: wapambe walewale wamefika kwao na jezi nyekundu, uso uleule mgongoni.

Tangu siku hiyo matawi yetu mawili yana makubaliano. Kipindi cha kampeni hatupokei kitu chenye jina la mgombea, na akija mmoja kwetu tunapigiana simu. Wengi hawajui kwamba sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inakataza zawadi za kushawishi kura. Unaweza kuitaja kwa upole mbele ya mpambe, na mara nyingi inatosha.

Simaanishi kwamba mtu wa mpira asigombee. Jirani zetu wa Tabora Mjini waliwakilishwa na Ismail Aden Rage kuanzia 2010 hadi 2015, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho alikuwa pia mwenyekiti wa Simba. Ng'ambo ya ziwa letu, Moïse Katumbi aliijenga TP Mazembe mpaka ikatwaa ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, akawa gavana wa Katanga, na Desemba 2023 akagombea urais wa Kongo. Mtu kama huyo mpime kwa kazi ya ofisi anayoiomba. Kombe alilolileta ni zuri, lishangilie, kisha muulize kuhusu zahanati.

Na siasa zinaingia uwanjani hata bila mgombea. Mei 8, 2021 mechi ya watani ilivunjika kwa sababu saa ya kuanza ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku kwa maelekezo yaliyotoka wizarani, Yanga wakakataa. Ikaja kuchezwa Julai 3, tukashinda 1-0. Wiki tatu baadaye, Julai 25, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ikaletwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika. Mukoko Tonombe wetu akatolewa kwa kadi nyekundu, Taddeo Lwanga akatufunga, Simba wakaondoka na kombe. Iliniuma sana, lakini mji ulifurahi: nyumba za wageni zilijaa na migebuka ikauzwa mpaka usiku. Viongozi wa kila aina walikuwa jukwaani, na ndipo nikajifunza kuuliza jambo moja ambalo nawasihi mliulize nanyi: baada ya fainali, mtoto wa Katonga au Gungu anacheza wapi? Viwanja vya mitaa vinaliwa na vibanda na nyumba kila mwaka. Mgombea akileta kombe la mbuzi, mwombe kwanza mpaka wa kiwanja na hati yake.

Mwaka 2023 Rais Samia alipotangaza shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, nilifurahi, na Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria nilijivunia nchi yangu. Kijana mmoja tawini akaniuliza kama sasa tunadaiwa. Nikamwambia hapana. Fedha ya umma ikimzawadia mchezaji anayeipeperusha bendera, shukrani inatosha.

Kuna hazina moja tuliyonayo ambayo siasa za ushabiki zinaweza kuivunja. Kenya, Gor Mahia imefungamana na Waluo na AFC Leopards na Waluhya, kwa hiyo joto la siasa likipanda linaingia mpaka kwenye jukwaa la uwanja. Kwetu, Muha, Mmanyema na Mbembe wamekaa pande zote mbili, Mwislamu na Mkristo vilevile, na Aprili 2024 timu ya Mashujaa ya hapa Kigoma ilipoitoa Simba kwa penalti, shangazi yangu hakujua alie au acheke. Utani wetu unavumilika kwa sababu hauna ukabila wala chama ndani yake. Kwenye kundi letu la WhatsApp utani ni ruksa mchana na usiku: utopolo kwa Yanga, makolo kwa Simba, yote. Bango la mgombea linafutwa na aliyelituma anaonywa. Tusi la mzazi, dini au kabila, mtu anatolewa, hata awe mfadhili wa tawi.

Kama tawi lenu halina utaratibu wa namna hii, itisheni mkutano sasa hivi wakati hakuna uchaguzi. Andikeni kwenye katiba ya tawi nani anapokea misaada, kwa masharti gani, na kwamba kiongozi wa tawi akichukua fomu ya kugombea anakabidhi ofisi siku hiyohiyo. Msisubiri kampeni zianze. Zikishaanza kila mjumbe atakuwa na mtu wake, na hamtakubaliana hata tarehe ya kikao.