Maswali na majibu: "Imetoka", "bahati mbaya" na maneno mengine ya nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo. Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo nimechagua zile ambazo maneno yake yaliniuma kabla sijafika kwenye swali lenyewe. Nilikuwa mkunga wodi ya wazazi hapa Moshi hadi nilipostaafu. Nimeona mama akiambiwa neno moja bado yuko kitandani, kitovu cha mtoto hata hakijakauka, na neno hilo akaja kunisimulia siku anayomwoza binti huyo. Tuanze.

*Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Mama mkwe anasema nisikanyage kanisani mpaka siku 40 ziishe, maana "sijasafika". Hiyo ni sheria ya Kanisa? (Mzazi, Kibosho)*

Hapana. Ni sheria ya Kitabu cha Walawi, sura ya 12: siku 40 kwa mtoto wa kiume, 80 kwa wa kike. Mama Bikira Maria aliishika kwa sababu alikuwa Myahudi, na ndiyo maana tarehe 2 Februari, siku ya 40 tangu Krismasi, tunakwenda na mishumaa kubarikiwa. Kwetu sheria hiyo haifungi. Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita Papa Gregori Mkuu aliulizwa swali hilihili kutoka Uingereza, na jibu lake liko katika historia aliyoiandika mtawa Beda: mwanamke akiingia kanisani kushukuru hata saa ileile aliyojifungua, hana mzigo wowote wa dhambi.

Mapumziko ni jambo lingine. Mama mkwe anayekupikia mtori na kukufulia nepi anakutendea mema, mpokee. Tena Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, namba 2181, inataja kulea mtoto mchanga kuwa sababu halali ya kukosa Misa ya Dominika, kwa hiyo usijikokote. Ninachokataa ni hilo neno "hujasafika". Damu ya uzazi si uchafu. Na usiache siku 40 zikufungie ndani ukiwa mgonjwa: ukipata homa, kichwa kikikuuma huku macho yanaona ukungu, au pedi ikijaa ndani ya saa moja, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

*Mama, Kanisa linaruhusu kalenda? (Njiro, Arusha)*

Nimejibu hili mara nyingi mno, na kila mara linarudi na neno lilelile. Ndugu zangu, uzazi wa mpango wa asili si kalenda. Kalenda inachukua miezi iliyopita na kubashiri mwezi ujao, na mwili wa mwanamke aliyeuguza mtoto, aliyesafiri au anayenyonyesha haufuati ubashiri. Halafu mimba ikiingia mnasema Kanisa limewadanganya.

Njia ya ute, ambayo daktari John Billings wa Melbourne alianza kuifanyia kazi mwaka 1953 na baadaye mkewe Evelyn akaungana naye, inasoma mwili wa leo. Mama anaangalia ute wake kila siku na kuandika jioni. Ukiwa unavutika na kuteleza kama ute wa yai bichi, hizo ni siku za rutuba. Siku ya mwisho ya ute huo ndiyo kilele, na baada yake mnahesabu siku tatu nzima kabla ya kusema rutuba imekwisha. Anayenyonyesha ana kanuni yake: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Moja kati ya hayo matatu likivunjika, kinga dhidi ya mimba imekwisha. Msijifunze kwa kusoma safu hii. Ulizeni parokiani nani anafundisha, na mwende wote wawili. Waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 juu ya uzazi unasema na mke na mume, na mimi nimechoka kuona madarasa yamejaa akina mama huku waume zao wakiwa kwenye mbege.

*Rafiki yangu ni Mlutheri. Anaweza kuwa mama wa ubatizo wa mwanangu? (Majengo)*

Anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki aliyepata Kipaimara. Peke yake, hapana.

*Mimba yangu ya miezi minne ilitoka mwezi wa pili. Ndugu wa mume wanasema ule haukuwa mtoto, nisilie, nitapata mwingine. Bibi anasema watoto kama hao wanakwenda limbo. Na kuna anayenong'ona kwamba nilitoa. Nimekosa hata pa kulilia. (Rombo)*

Mwanangu, lia. Ulikuwa na mtoto.

Watu wanachezea silabi mbili ambazo ni nzito kuliko jiwe. "Imetoka" ni jambo lililokupata. "Ametoa" ni jambo ambalo mtu amelifanya. Anayelihamisha neno kutoka la kwanza kwenda la pili, jikoni kwa jirani au kwenye kikao cha jumuiya, amemshuhudia uongo mama aliyefiwa, na hiyo ni Amri ya Nane. Mimi hata "mimba imeharibika" silipendi, maana kinachoharibika ni maziwa. Wodini nilijizoeza kusema "amempoteza mtoto wake", na wauguzi wadogo wakanizoea hivyo.

Kuna mama mmoja simsahau. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Alilazwa kitanda kinachotazamana na mama aliyejifungua salama, kwa sababu vitanda vilikuwa vichache. Siku ya tatu nikamkuta ameikunja kanga mara nne na kuibana kifuani. Nikadhani anasikia baridi. Kumbe maziwa yalikuwa yameanza kutoka, mtoto wa kitanda cha pili akilia yanazidi, naye hakutaka mtu aone. Mwili ulijua kwamba kulikuwa na mtoto. Watu wazima wenye akili zao ndio walikuwa wakimwambia hakukuwa na kitu.

Kuhusu limbo, yaani mahali pa pembeni, nje ya mbingu, palipodhaniwa kuwa pa watoto waliokufa bila ubatizo: hayo yalikuwa maoni ya wanateolojia, hayajawahi kuwa fundisho la imani. Katekisimu, namba 1261, inasema Kanisa linawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa kibali cha Papa Benedikto XVI, ilieleza kwamba tuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa inampa askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kama wanaweza. Muone paroko, omba nia ya Misa, na kama wewe na baba yake mnataka kumpa mtoto jina, mpeni. Bibi usigombane naye, alifundishwa hivyo.

Jambo la mwisho, la kimwili. Mimba nyingi zinazotoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza hutokana na kasoro za chembe za urithi ambazo hakuna aliyezisababisha. Si ndoo ya maji, si jicho la jirani. Ya miezi minne inastahili kuchunguzwa. Kama hukupimwa, nenda kapimwe kabla ya kubeba nyingine.

*Mume wangu ni wa Machame, Mlutheri. Nikisali rozari na watoto anasema "Mama wa Mungu" ni kumfanya Maria mungu. Nimjibuje? (Soweto, Moshi)*

Mwulize kwa upole: mama yake mzazi alizaa mwili, au alizaa yeye? Mwanamke hazai mwili, anazaa mtu. Aliyezaliwa Bethlehemu ni Mwana wa Mungu, basi aliyemzaa ni Mama wa Mungu. Jambo hili lilijadiliwa na kuamuliwa kwenye Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 431, pale Askofu Nestorio alipotaka watu waishie kusema "Mama wa Kristo". Jina hilo linamlinda Yesu kwanza. Na Martin Luther mwenyewe, alipofafanua Utenzi wa Maria mwaka 1521, alimwita Maria Mama wa Mungu bila kusita.

Ila angalia na watoto. Mjukuu wangu wa miaka mitano alikuwa akisali Salamu Maria "na Yesu mzazi wa tumbo lako", na jumuiya nzima inaitikia Amina. Nikamweka magotini, nikamwonyesha mgomba wa bibi yake na mkungu uliokuwa ukining'inia: huu umezaliwa na huu. Mzao. Sasa anasema vizuri, na analitamka hilo neno kwa sauti kuliko mengine yote. Mkiwakaririsha bila kuwafafanulia maneno, msishangae wakifika darasa la Kipaimara hawajui wanachokisali.

*Nina mtoto wa miezi minane niliyempata kwa bahati mbaya, sijaolewa. Naambiwa mtoto wa nje ya ndoa habatizwi mpaka nifunge ndoa. (Himo)*

Dada yangu, futa hiyo "bahati mbaya". Huyo mtoto atajifunza kusikia kabla ya kusema, na neno la kwanza kujua juu yake mwenyewe lisiwe hilo. Hata kama tendo lilikuwa kosa, na ulikwisha liungama, mtoto si kosa. "Mwana haramu" pia silikubali kwenye meza yangu. Uharamu haukai kwenye kitovu cha mtu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa bado inamzuia mtoto wa namna hiyo kupata upadre bila ruhusa maalumu, na Sheria ya mwaka 1983 imekiondoa kizuizi hicho.

Sasa ubatizo. Kanuni ya 868 inadai mambo mawili: mzazi mmojawapo akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Ndoa ya wazazi haikutajwa hapo. Kardinali Bergoglio, akiwa bado Buenos Aires mwaka 2012, aliwaita mapadre wanaowanyima ubatizo watoto wa mama wasioolewa kuwa ni wanafiki wa leo, na alipokuwa Papa Fransisko alimbatiza, Januari 2014, mtoto wa wazazi waliofunga ndoa ya serikali tu. Nenda kwa paroko mwenyewe. Usiishie kwa mtu wa mlangoni. Mpeleke msimamizi anayesali kweli, umweleze paroko utamleaje mtoto. Akisema subiri, muulize usubiri nini, kwa heshima, na umwombe akueleze ni kanuni ipi.

Na niwaulize wengine: kwa nini tunasema "amepachikwa mimba", "kaharibika", kama vile upepo ulipita? Kuna baba. Ana jina, ana simu, mara nyingi ana jumuiya yake. Kwenye vikao vyetu binti anaitwa kujieleza, huku kijana anapewa kuimba zaburi Dominika inayofuata. Binti mwenyewe akiwa mwanafunzi, jueni kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani. Mzazi Mkatoliki asiwe wa kumfungia mlango ambao serikali imeufungua.

*Nilipasuliwa mara mbili. Wifi anasema mimi sijazaa. (Kilema)*

Umezaa mara mbili. Kovu lako ni la uzazi.

*Mume wangu akiwa na wenzake ananiita "golikipa" kwa kuwa sina ajira. Wanacheka. Niseme nini? (Arusha)*

Usiseme mbele ya wenzake. Usiku, watoto wakilala, mwambie kwamba neno hilo linakuumiza, na usitabasamu unapolisema. Wanawake tunatabasamu sana tunapoumia, na wanaume wanaamini yale meno. Mweleze saa unayoamka, nani anapeleka mtoto kliniki, nani anakata majani ya ng'ombe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, ilitambua kazi za mke nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya familia. Sikutajii kesi hiyo ili uachike. Nakutajia kwa sababu majaji waliliona jambo ambalo mume aliyeapa mbele ya altare alitakiwa kuliona kabla yao.

*Naweza kumbatiza binti jina la Kichaga? (Uru)*

Ndiyo. Kanuni ya 855 inakataza tu jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Manka ni jina, Aikande ni jina. Mimi ninawaogopa zaidi wanaookota majina kwenye simu bila kujua maana yake. Na herufi za kwenye fomu ya ubatizo zilingane na za cheti cha kuzaliwa: nimeona bibi harusi akizungushwa ofisi ya parokia wiki nzima kwa ajili ya "h" moja.