Peponi ni tafsiri

Dada, umeuliza kama riwaya ya Peponi iliandikwa kwanza kwa Kiswahili. La, sivyo. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994 kwa jina Paradise, na mwaka huohuo ikafika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Kiswahili chake ni kazi ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Si ajabu lakini ukaiona kama asili: Gurnah mwenyewe ni mzaliwa wa Unguja, Kiswahili ni lugha yake ya kwanza, na hata ile ya Kiingereza ina maneno yetu ndani.

Nimezisoma zote mbili. Ya Kiswahili nilimsomea mamangu barazani, hapa Mji wa Kale, jioni baada ya jioni. Tulipofika pale Khalil, kijana wa dukani kwa mfanyabiashara Aziz, anapomwambia Yusuf, mtoto aliyeletwa huko, kwamba Aziz si ami yake, mama alinishika mkono nisifungue ukurasa. Mtoto wa miaka 12 kawekwa rehani kwa deni la babake, na mwenye kumdai babake ndiye yule mgeni aliyekuwa akimpa sarafu kila akija kwao! Mama akataka nirudie pale mara mbili. Kwa Kiingereza sehemu hiyo mimi niliipita mbio, sikuusikia uzito wake. Kwangu mimi tafsiri imeshinda, hasa mazungumzo ya dukani baina ya wale vijana wawili.