Barua kwa mwanangu: Golconda, Chowmahalla na goti la mkweo

Mwanangu Saumu,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakusalimu sana. Unasema mkweo akimaliza miadi ya goti hapo Hyderabad, India, mtabakiwa na siku moja kabla ya safari, na unauliza mumpeleke ngome ya Golconda au kasri la Chowmahalla.

Nianze na maji. Ngome husomwa kwa maji yake, si kwa kuta zake. Hilo umelisikia tangu nilipokuwa nikikupeleka Fort Jesus na kukusimamisha mbele ya birika la maji ya mvua huku wenzako wakikimbilia mizinga, na Golconda ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Kilima chake ni graniti tupu, kama mita 120 kwenda juu, mahali ambapo mtu angeona ni wazimu kujenga. Masultani wa ukoo wa Qutb Shahi, waliotawala hapo, waliyatoa maji ziwa la Durgam Cheruvu, wakayaleta kwa mabomba ya udongo, kisha wakayapandisha ngazi kwa ngazi: ng'ombe wanazungusha gurudumu la vyombo, tangi la chini linajaza la juu yake, hadi kileleni. Mkiwa mnapanda tazameni kutani. Vipande vya mabomba hayo bado vinaonekana ndani ya mawe, na watu wengi huvipita wakidhani ni mashimo tu.

Mwaka 1687 Aurangzeb, mfalme wa Mughal, aliizingira miezi minane. Watu walikuwa na maji, wakavumilia. Lakini mwisho lango lilifunguliwa usiku kutoka ndani na ofisa aliyehongwa. Najua utasema: basi maji yaliwafaa nini? Hapo hoja yangu inachechemea, nakubali. Maji hayazuii rushwa. Hata hivyo adui ilimbidi anunue mlango kwa sababu kiu ilikataa kumsaidia, kwa hiyo bado nasema ngome husomwa kwa maji yake.

Ndiyo maana mwaka ule wa matibabu ya shangazi yako Mwanaidi nilikasirika. Mwongoza watalii alitupitisha mbio penye matangi ili tuwahi kupiga picha juu, na mpaka leo linaniuma. Kilichoniponya ni shangazi yako mwenyewe. Daktari alimkataza ngazi, akabaki chini ya kuba la lango, na tukaagana kwamba atapiga makofi matatu. Tukafika juu kabisa, kwenye jumba la Bala Hissar, tukanyamaza. Moja, mbili, tatu, safi kama yuko chumba cha pili! Kaka yako aliruka. Kuba lile limekatwa pembe pembe, linakusanya sauti na kuirusha mlimani. Walinzi walilitumia kutoa habari. Mkijaribu, anayepiga asimame katikati kabisa, apige kofi moja moja, tena asubuhi. Kundi zima likipiga kwa pamoja, aliye juu hasikii kitu cha maana.

Kuhusu kupanda kwenyewe: ngazi ni zaidi ya 300, hazilingani urefu, na nyingine zimelainika kwa nyayo za watu. Goti haliumii sana kupanda, huumia kushuka, na njia ya kushukia ni kali zaidi. Fikeni lango linapofunguliwa saa tatu asubuhi, kila mtu na chupa mbili za maji, viatu vyenye soli inayoshika. Mkienda Aprili au Mei jua linafika digrii 40, na graniti inatunza joto hata baada ya jua kupungua. Asiyepanda ana mengi ya kuona chini: lango la chini, nalo huitwa Bala Hissar, na ukuta uliojengwa mbele yake ili tembo wa vita wasipate nafasi ya kukimbia na kuligonga, na mabaki ya kasri la malkia, Rani Mahal, yenye chemchemi uani.

Chowmahalla ni tambarare, kuna bustani na vivuli. Ukumbi wa Khilwat una taa 19 za vioo kutoka Ubelgiji, na jukwaa la marumaru alipokaa Nizam, mtawala wa Hyderabad. Maji yapo pia, ila yamelala kwenye bwawa yapendeze macho. Hayakuwahi kubeba roho ya mtu, na kwangu mimi hiyo ni tofauti kubwa. Kasri hufungwa Ijumaa, kwa hiyo angalieni siku yenu kwanza. Charminar, mnara wa mwaka 1591, uko karibu. Ila msimwache mkweo atembee kwenye msongamano wa soko, chukueni bajaji hata kama ni hatua chache. Wageni hulipa kiingilio kikubwa kuliko wenyeji kote huko.

Kuna na njia ya tatu, hukuitaja. Makaburi ya Qutb Shahi yako karibu na Golconda, ardhi ni ya kutembelea taratibu, na visima vyao vya ngazi vimekarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ile ile iliyotengeneza Forodhani kule Unguja. Mkweo anaweza kukaa kivulini kando ya kisima huku nyinyi mkipanda ngome. Lakini je, ni haki kumleta mtu mzima mpaka pale, halafu mumwache chini? Shangazi yako hakuona vibaya, alifurahi kuliko sisi wote. Ila shangazi yako alikuwa Mwanaidi.

Mdomo unaniwasha kukutajia moja. Sitataja, kwa kuwa goti si langu na mkweo ni mtu wa heshima, haamuliwi na baba wa mke wa mwanawe. Muulizeni yeye, tena mwelezeni habari ya makofi kabla hajajibu.

Baba yako